Mwanachama wa miaka tisa anataka posti zake zote 6,214 zifutwe. Ni zake, au ni zetu?

NgojaNimalize (mleta mada)

Habari za saa hizi wakuu. Najua wengi humu ni wenye mabaraza yenu, ndiyo maana nimekuja kulia kwenu.

Naendesha baraza dogo la watu wenye kigugumizi. Si kampuni. Ni mimi, moda (wasimamizi) wawili wa kujitolea, na seva ya kukodi iliyoko katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya. Tulianza 2014. Waliojiandikisha ni elfu tatu na kitu, lakini wanaoandika kweli kweli hawazidi mia na ishirini. Sura zao sizijui, na sauti zao sizijui pia, jambo ambalo kwa watu wa namna yetu ndiyo raha yenyewe. Mimi nikiombwa jina langu halisi kwenye simu, herufi ya kwanza inaniganda mdomoni mpaka wa upande wa pili anadhani mtandao umekata. Kule naitwa NgojaNimalize, na jina hilo halijawahi kunikwama.

Wiki mbili zilizopita mwanachama mmoja alinitumia ujumbe wa mistari mitatu. Namtaja kwa jina lake la barazani, Silabi, maana ameniruhusu. Anaondoka. Akaunti ifungwe. Na kila alichoandika kifutwe kwa mujibu wa kifungu cha 17 cha GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu. Nikahesabu: posti 6,214 ndani ya miaka tisa.

Sasa mjue Silabi ni nani kwetu. Kipindi anajiunga, baraza lilikuwa limeanza kuugua ugonjwa uleule tunaoukimbia huko nje. Mwenye kigugumizi yeyote anamjua yule mtu mwema anayekumalizia sentensi. Unataka kusema "naomba nafasi nikae", umefika "nao-, nao-", yeye kashadakia: "Unaondoka? Haya, kwaheri!" Na barazani ikawa hivyo hivyo. Mtu anaandika kisa chake vipande vipande, maana kinauma, na kabla hajafika penyewe wameshajaa watu kumi na ushauri wao.

Silabi akafungua uzi wa mistari minne. Kama hujamaliza, funga posti yako kwa nukta tatu. Hakuna atakayejibu mpaka utakapoweka nukta moja. Basi. Kura haikupigwa, mimi admini sikutangaza lolote, lakini ndani ya mwezi watu walikuwa wanaifuata kuliko masharti yangu yote yaliyobandikwa juu. Tunaiita Nukta. Kuna jamaa aliwahi kuacha nukta tatu siku nne nzima. Alikuwa amesema anataka kupiga simu aliyoikwepa miaka miwili, akaishia hapo. Naona kwenye kumbukumbu za seva watu arobaini na kitu wanaufungua uzi ule, wanatoka, wanaufungua tena, na hakuna anayegusa hata herufi. Siku ya nne usiku akaweka: "Nimepiga." Na nukta yake. Nililia, sioni haya kusema.

Jana nikatengeneza nakala ya baraza pembeni ili nijaribu kufuta. Programu yangu ina njia mbili tu: kufuta mtu pamoja na posti zake, au kumfuta mtu na kuziacha posti zikiwa na jina "Mgeni". Nikabonyeza ya kwanza. Nyuzi 411 alizozifungua yeye zikaondoka na kila kitu kilichokuwa ndani yake, posti elfu tisa na kidogo za watu wengine. Nyuzi zilizobaki zina mashimo. Kuna binti ameandika, "Asante, hilo la pili ndilo limenisaidia, leo nimejibu swali darasani." Hilo la pili halipo tena. Kuna watu saba wanacheka kitu kisichoonekana. Na kinyume chake, maneno ya Silabi bado yapo mamia kwa mamia, kwa sababu wengine waliyanukuu ndani ya posti zao.

Moda mmoja anasema tufute, sheria ni sheria. Wa pili anasema huwezi kubomoa nyumba ya watu kwa sababu fundi mmoja anataka matofali yake. Mimi niko katikati kama kawaida, nimekwama.

Na niseme ukweli wote: masharti ya matumizi niliyanakili 2014 kutoka kwenye tovuti ya kuuza vipuri. Kuna aya inazungumzia kurudisha bidhaa ndani ya siku 14.

---

Karani_wa_Kesi

Mkuu, pole na kazi. Mambo ya ulinzi wa data nimeyafanya miaka kadhaa, kwa hiyo nitaongea kikarani, usitarajie utamu. Na mimi si wakili wako.

Kwanza, saa inatembea. Una mwezi mmoja tangu upokee ombi. Kama kazi ni ngumu unaweza kujiongezea miwili, lakini lazima umjulishe ndani ya ule wa kwanza, pamoja na sababu. Wiki mbili umeshazila.

Pili, hilo la "si kampuni" halikuokoi. Kulikuwa na mama mmoja Sweden, Bodil Lindqvist, mtu wa kujitolea kanisani. Mwishoni mwa 1998 alitengeneza kurasa kwa kompyuta yake ya nyumbani akaandika habari za wenzake wa parokia kwa utani wa hapa na pale. Mmoja wao, aliandika, ameumia mguu na anafanya kazi nusu siku. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema mwaka 2003 kwamba ule mguu ni data ya afya, na kwamba ukurasa unaoweza kufunguliwa na yeyote duniani si mambo ya nyumbani kwako tena. Ikiwa sentensi moja kuhusu mguu ilitosha, wewe unakaa na miaka kumi ya watu wakieleza jinsi ulimi wao unavyokataa.

Tatu ndilo swali lako lenyewe, na jibu lake halimfurahishi moda yeyote kati ya wawili wako. Ireland kulikuwa na mwanafunzi wa uhasibu, Peter Nowak, aliyefeli mtihani akataka apewe karatasi zake. Kesi ikafika mahakama ileile, hukumu ikatoka Desemba 2017. Majibu yake ni data yake. Haya. Lakini alama na maoni ya msahihishaji pembeni ya karatasi je? Mahakama ikasema ni data ya Nowak, na wakati huohuo ni data ya msahihishaji. Maneno yaleyale, wino uleule, watu wawili. (Ikaongeza, kwa ucheshi wa kimahakama, kwamba haki ya kusahihisha data haimruhusu mtu kusahihisha majibu aliyokosa.)

Kwa hiyo "ni zake au ni zetu" ni swali ambalo sheria haiulizi hivyo. Yule binti aliyejibu swali darasani ana haki katika ule uzi, na Silabi ana haki katika ule uzi. Kifungu hicho hicho cha 17 kina milango ya kutokea, mmoja wao ni uhuru wa watu kujieleza na kupata taarifa. Posti elfu tisa za wengine huna sababu ya kuzifuta. Hazikuombwa zifutwe, na hao wengine hukuwauliza.

Lakini usifikiri kubandika "Mgeni" kunatosha. Kama posti inasema anafanya kazi gani, ana watoto wangapi, na siku gani alifeli usaili, jina umelitoa lakini mtu bado umemwacha palepale.

Halafu yale masharti ya vipuri yatoe leo.

---

Mzee_wa_Modemu

Vijana mnaongea kana kwamba sheria iliingia mtandaoni 2018. Ngoja niwape historia kidogo, msinikatishe (naweka nukta tatu, nimeipenda hiyo)...

Marekani, 1991. Kampuni ya huduma za mtandao ya CompuServe ilikuwa imeshtakiwa kwa kashfa iliyoandikwa kwenye moja ya mabaraza yake. Ikashinda, kwa sababu ilikuwa haisomi kinachobandikwa, imekaa kama muuza magazeti asiyefungua magazeti. Miaka minne baadaye ikaja hukumu ya Prodigy, kampuni ya namna hiyohiyo. Hawa walijinadi kuwa jukwaa safi la familia, walikuwa na wasimamizi na kichujio cha matusi. Mtu asiyejulikana akaandika kwamba kampuni ya hisa ya Stratton Oakmont ni matapeli. Mahakama ya New York ikasema: nyinyi mnafagia, kwa hiyo nyinyi ni wachapishaji, kila takataka iliyobaki ni yenu. (Wakuu wa Stratton Oakmont baadaye walikiri ulaghai wenyewe mahakamani, lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Ona somo lililotoka hapo. Wakili yeyote mwenye akili, mwaka ule wa 1995, angekushauri wewe NgojaNimalize: usifagie. Usiwe na moda. Ukigusa posti moja umezimeza zote. Ilibidi Bunge la Marekani litunge kifungu cha 230 mwaka 1996, ambacho kiini chake ni sentensi moja yenye maneno 26 kwa Kiingereza, ndipo mwenye baraza akaweza kufagia bila kugeuka mwenye takataka. Ulaya walikwenda njia yao, kwamba usalama wako unategemea umejua nini na ulipojua ulifanya nini. Kila moda ninayemwona akijigamba na nyota zake mbili pembeni ya jina, mimi naona vifungu vya sheria vimevaa shati.

Sasa Nukta je? Hiyo haikutungwa na bunge lolote. Na hapa nina habari njema kwako: Silabi hawezi kuondoka nayo. Hakimiliki inalinda jinsi mtu alivyoliandika wazo, wazo lenyewe hailikamati. Mistari minne ni yake. Desturi ya kungoja ni ya kila aliyewahi kungoja. Futa mistari yake, kaa chini uiandike kanuni upya kwa maneno yako.

Nimemaliza.

---

Futa_Kabisa

Nimesoma yote na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwa nini anaondoka.

Nilikuwa mwanachama wa baraza la watu wenye matatizo ya kula. Niliingia na miaka 17. Niliandika huko mambo ambayo daktari wangu alikuja kuyajua baadaye. Nilipopona, na nilipona kweli, nikaomba yafutwe. Mwenye baraza akanijibu kwa upole mwingi kwamba mimi ni "sehemu ya kumbukumbu ya jamii". Nyuzi zangu zilikuwa zimebandikwa juu kabisa, wageni wanaelekezwa wakazisome. Kila mgeni akifika, mimi nina miaka 17 na sijala tangu juzi. Watu wananijibu. Wananiambia nivumilie, kesho itakuwa nafuu. Nina miaka 31.

Kwenu nyie jamii ni kitu cha watu waliobaki. Aliyeondoka hana jamii, ana posti.

Halafu hiyo ya fundi na matofali, mwambie moda wako haya si matofali.

---

NgojaNimalize (mleta mada)

Dada Futa_Kabisa, umenipiga pabaya na nilistahili. Sikumuuliza. Nilisoma "kifungu cha 17" nikaona wakili amekuja mlangoni, nikasahau kwamba aliyeandika ni mtu ambaye kwa miaka tisa nilikuwa naamka namsoma. Hiyo namba 17 ilifanya kazi ya ajabu: alipoiandika yeye akawa mdai, nilipoisoma mimi nikawa mdaiwa, na huo ulikuwa ujumbe wa kwanza kati yetu wenye sura hiyo. Nitamwandikia leo.

Karani, nisaidie mawili. La kwanza: nitajuaje kwamba anayeomba ni Silabi kweli? Sina jina lake, sina namba yake, nina barua pepe ambayo ni herufi na tarakimu. Moda mmoja anataka tumdai kitambulisho. La pili: tuna mwanachama aliyefariki 2019. Kila mwaka siku ya tarehe yake watu wanaingia kwenye uzi wake wa mwisho, ulioishia kwa nukta tatu. Hakuna aliyewahi kuandika chini yake. Huyo naye nimguse?

---

Karani_wa_Kesi

Kitambulisho usidai. Kama ameingia kwa nywila yake na kukutumia ujumbe kutoka akaunti ileile, hapo una uthibitisho kuliko picha ya kadi yenye jina ambalo hujawahi kulisikia. Ungelinganisha na nini? Kanuni yenyewe inasema hulazimiki kukusanya taarifa za ziada eti ili tu umtambue mtu. Ungeishia kumjua jina siku ileile anayotaka kusahauliwa.

Marehemu GDPR haimhusu. Imeacha kila nchi ijipangie. Kwa hiyo kisheria huyo ndiye mwanachama wako asiyeweza kuondoka. Uzi wake usiuguse, ila ndugu zake wakija na neno, wasikilize.

---

Nambari_Tu

Naomba nidakie hapo kwenye kitambulisho, maana moda wako hajui anachokitamani.

Korea Kusini walijaribu. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimishwa zihakiki utambulisho halisi wa mtu kabla hajaandika komenti. Nia ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanatukanana mpaka wengine wanajiua. Kilichofuata: tovuti zikawa ghala za namba za vitambulisho. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia tovuti za Cyworld na Nate wakatoka na taarifa za watumiaji kama milioni 35, katika nchi ya watu wapatao milioni 50. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikisema pia kwamba matusi yenyewe hayakuonekana kupungua kwa kiasi cha maana.

Mimi nilikuwa kwenye baraza lililohama kutoka majina ya kupanga kwenda majina halisi. Si kwa sheria, mwenyewe alijiamulia tu. Matusi hayakuisha. Kilichoisha ni maswali. Watu waliokuwa wanauliza "hivi hii dawa inaleta ndoto mbaya?" wakaanza kupongezana siku za kuzaliwa.

Na upepo unavuma upande huo tena, safari hii mlango ni umri. Australia kuanzia Desemba 10, 2025 majukwaa makubwa ya kijamii yanatakiwa yasiwe na akaunti za walio chini ya miaka 16. Ili kumjua wa 15 lazima umkague na wa 50. Tumezoea ile ya Marekani ya miaka 13, sheria ya 1998, ambayo ilizalisha kizazi kizima kilichozaliwa Januari 1 ya mwaka wa uongo. Kwenu kuna watoto wenye kigugumizi mkuu, najua wapo. Wewe omba tu baraza lako liendelee kuwa dogo.

---

Mtunza_Hadithi

Nimechelewa lakini nina kitu cha kiufundi. Kuna hifadhi ya hadithi za mashabiki inaitwa Archive of Our Own, inaendeshwa na watu wa kujitolea, karibu kila mtu anatumia jina la kupanga. Tangu zamani wanalo tatizo lako: mwandishi anataka kujitenga na kazi yake, wasomaji wanaipenda kazi. Wakaweka njia ya tatu pembeni ya kufuta na kubakiza. Mwandishi anaweza kuifanya kazi yake yatima. Hadithi inabaki, komenti za wasomaji zinabaki, lakini kamba iliyoifunga kwenye jina lake inakatwa, na kazi zote za namna hiyo zinaingia kwenye akaunti moja ya mayatima. Halafu haiwezi kurudishwa, hata yeye mwenyewe akija kujuta.

Ninachokipenda hapo ni kwamba anayechagua ni mwandishi, kazi moja moja. Hii ifutwe, hii iwe yatima, hii ibaki. Mwenye hifadhi hamchagulii. Kwa Silabi unaweza kufanya hivyohivyo: mtolee orodha ya nyuzi zake aziwekee alama mwenyewe.

Cha pili, zuia injini za kutafuta. Unakumbuka kesi ya Costeja na Google, 2014? Mhispania yule alikuwa na tangazo la mnada kwa sababu ya madeni, gazeti la 1998. Mahakama iliambia Google iache kulileta mtu akitafuta jina lake. Gazeti lenyewe halikuguswa, lipo palepale. Wakati mwingine kinachomuumiza mtu ni ile njia ya mkato kutoka jina lake kuja kwenye ukurasa. Weka nyuzi nyeti nyuma ya mlango wa wanachama, injini za kutafuta zisizione. Ungefanya hivi tangu 2014, samahani kusema.

---

NgojaNimalize (mleta mada)

Wakuu, nimerudi. Siku kumi na moja.

Nilimwandikia Silabi bila kutaja kifungu chochote. Nilimuuliza tu, "Vipi, kuna nini?" Akajibu kwa vipande vitatu, viwili vya kwanza vina nukta tatu mwishoni. Nikangoja. Kati ya cha pili na cha tatu palipita saa kumi na tisa, na nawaambia ni muda mrefu sana ukiwa na swali lako mkononi.

Ilikuwa hivi. Amepata kazi mpya, ya kuongea. Nakuapieni, ya kuongea na watu siku nzima. Mwenzake mmoja kazini, naye ana kigugumizi kidogo, akamwambia kwa furaha kwamba kuna baraza zuri sana mtandaoni, na kuna mtu humo anaitwa Silabi, msome, atakusaidia. Akamwonyesha kwenye simu. Silabi akasimama pale akasomewa maneno yake mwenyewe ya 2016, usiku ule mbaya, kwa sauti, na mtu mwenye kigugumizi anayejitahidi kila neno. Hakusema kitu. Akarudi nyumbani akatafuta mtandaoni jinsi ya kufutwa, akakutana na hicho kifungu, akakinakili. Anasema hakuwa na hasira na sisi, hakujua tu njia nyingine ya kuomba.

Nikamtolea orodha kama alivyoshauri Mtunza_Hadithi. Kaipitia yote 6,214, imemchukua siku tano. Kafuta 1,908, karibu zote za miaka mitatu ya kwanza. Zilizobaki kazifanya yatima. Nyuzi alizozifungua hazikuondoka na majibu ya watu: posti ya kwanza imetolewa, mahali pake pana mstari mmoja wa kijivu kwamba mwandishi ameiondoa, na majibu yanaendelea chini. Yule binti wa darasani "hilo la pili" lake lipo, Silabi kaliacha kwa makusudi. Ule uzi wa usiku mbaya umekwenda, na nukuu zake ndani ya posti za wengine nimezitoa kwa mkono baada ya kuwaandikia wenyewe kumi na wanne. Kumi na wawili wamekubali. Mmoja hajajibu. Mmoja kakataa, anasema ile sentensi ndiyo iliyomzuia asijidhuru. Nimempelekea Silabi maneno hayo bila jina. Akasema basi aachiwe.

Nyuzi zote za visa binafsi sasa ziko ndani ya mlango. Wageni kutoka kwenye injini za kutafuta wamepungua sana, moda wa matofali amenuna. Masharti ya vipuri nimeyatoa, naandika mapya, nimefika aya ya tatu.

Nukta nimeiandika upya kwa maneno yangu. Ilitoka mistari tisa. Yake ilikuwa minne, na ilikuwa bora.

Sasa kituko. Ili kuondoa jina lake kwenye posti za wengine ("asante Silabi", "kama alivyosema Silabi") nikaiambia programu ibadilishe kila palipoandikwa "silabi" iweke "mwanachama aliyeondoka". Nikalala. Nimeamka nina ujumbe thelathini na sita. Nilisahau, mimi mwenye kigugumizi wa miaka yote hii, kwamba hilo ni neno letu la kazi. Uzi wetu mkuu wa mazoezi sasa unasema: "Vuta pumzi, legeza taya, kisha nyoosha mwanachama aliyeondoka ya kwanza polepole mpaka ifunguke."

Nakala ya akiba ninayo. Narudisha posti moja moja kwa mkono, maana mashine haijui yupi ni mtu na ipi ni sauti. Nimefika 2017...